Mrenda wa Mchanga wa Machimboni

Shinyalu, Kakamega

Kwako kaka yangu Ignatius,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Natumaini wewe na wifi yangu Chebet mko wazima huko Eldoret, na kwamba mimba yake haimsumbui kama mwanzo. Sisi tupo tu. Ningekupigia simu, lakini siku hizi Mama habanduki karibu nami, na haya sitaki ayasikie. Basi vumilia mwandiko wangu uliokuwa ukiucheka tangu shuleni.

Unakumbuka ule mchanga tuliouzoa kule wanakooshea dhahabu, tukaumwaga kwenye bustani ya Mama ili udongo mzito ulainike? Tulijiona wajanja. Mrenda ulinawiri mpaka majirani wakaomba mbegu. Sasa watu wa chuo kikuu wamekuja kupima udongo, visima na mboga za kijiji kizima. Wanasema mchanga ule una madini ya risasi na zebaki, yameingia kwenye mboga, na kisima chetu hapo chini ya bustani nacho kimeguswa. Hayaonekani, hayana ladha, na kuchemsha hakuyaondoi. Nilimwuliza dada aliyeleta majibu iwapo tungeosha mboga vizuri zaidi. Alitikisa kichwa.

Nilijiandaa Mama abishe, lakini hakubisha. Aliuliza swali moja tu: "Na mtu wa mimba akikula hii, inafikanga kwa mtoto?"

Yule dada alijibu kwamba inaweza kufika ikamdhuru, ila hakuna awezaye kusema ni nani hasa aliyedhurika. Nadhani Mama hakuisikia hiyo sehemu ya pili.

Unajua mimba zangu mbili zilizoharibika. Kila mara Mama alikuwa akivuka mto kuniletea mrenda kwangu, kama mama wa kwetu anavyomlisha binti yake, na hakuondoka mpaka nimalize bakuli. Tangu siku ya majibu hapiki. Aling'oa mboga zote, hata zile changa alizompandia Chebet, kisha akabaki ameketi palepale kwenye tuta. Mume wangu Wangila aliniruhusu nije kukaa na Mama. Maji tunayateka kwenye chemchemi ya juu, waliyosema ni salama, na mlima ule unanimaliza. Nimechoka, kaka. Kila siku namwambia hakujua, naye ananiitikia tu.

Kwa hiyo usimlete Chebet kujifungulia huku kama tulivyopanga. Mweleze ukweli, ataelewa.

Lakini sikuandika kwa ajili yake peke yake. Nina mimba tena. Ilikuwa imeshaingia nikiwa bado nakula mrenda wa Mama, na naogopa sana. Wangila anajua. Mama hajui, na sina moyo wa kumwambia. Nataka kuja kwenu kabla tumbo halijaonekana, nipimwe huko. Tafadhali mpigie Mama simu, umwambie kwamba Chebet anahitaji mtu wa kumsaidia na kwamba umenichagua mimi. Shangazi Alice amekubali kulala na Mama. Najua Mama atakuuliza nitakuwa nakula nini huko. Mwambie mnanunua mboga sokoni. Akisikia hivyo ataniruhusu.

Msalimie sana wifi yangu. Nikisikia simu ya Mama ikilia, nitajua barua imefika.

Ni mimi dada yako,
Sellah