Mwishoni mwa Mstari Kuna Hewa

Wifi Matilda,

Usishtuke kuona barua. Najua hukupenda kusoma. Hata ujumbe wa simu ulinipa mimi nikusomee, halafu ukalalamika kwamba nasoma kwa sauti ya msiba. Leo nitajitahidi. Habari nyingi ni nzuri, na nyingine zitakuchekesha mpaka ushike mbavu, kama huko mliko bado mnazo.

Kwanza nyumbani. Kaka yako ni mzima, bado anakoroma na bado anasema hakoromi. Mzabibu wako wa uani umezaa mara mbili tangu utuache. Niliupogoa mwenyewe, na kabla hujauliza, ndiyo, kwa mkono wa kushoto, na haukufa.

Ngoma yako iko juu ya kabati letu. Miezi minne sikuigusa. Tulipoanua matanga, akina mama wa kikundi chako cha ngoma ya muheme walikaa kwenye jamvi lako, na Mama Neema akasema kile ambacho kila mtu alikuwa akikiwaza: aliyetuongoza hayupo, tusijidanganye, muheme wetu umekwenda naye. Nami nikaanza kukusanya vikombe, wifi. Mtu wa mwisho wa mstari, nani angenisikiliza? Lakini niliumia. Kukuzika wewe kulitosha, kuzika na ngoma yako sikutaka.

Unakumbuka ulivyonivuta kwenye ngoma? Nilikuwa na miaka arobaini na moja, Mrangi wa Kondoa nisiyejua Kigogo zaidi ya salamu, naona haya hata kuomba chumvi kwenye sherehe. Tulikuwa tunachuma zabibu Makutupora, wewe upande ule wa mizabibu, mimi upande huu, tunatazamana kupitia majani. Wewe ulichuma kwa mkono wa kulia, mimi kwa wa kushoto, na mikono yetu ilikwenda pamoja bila kugongana hata siku moja. Ulikuwa unaimba. Nikaanza kutikisa mabega bila kujijua. Ukasimama, ukanitazama, ukasema, "Kumbe una ngoma ndani! Jumamosi uje."

Mama Neema akakukumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Ukamjibu, "Huyu si samaki, huyu ni mtu wa Kondoa. Kwao samaki wenyewe wanawaona sokoni." Nilicheka hadi nikasahau kukataa.

Jumamosi nikaja, nikaharibu. Kila mama alibana ngoma yake magotini, bega kwa bega, tukapiga, kisha wote mkarusha mkono wa kulia juu. Mimi nikarusha wa kushoto. Nilimpiga Mama Neema kidevuni mara mbili siku ile ile, na ndiyo siku mliyonibatiza Mashoto. Ukanishika bega, ukanipeleka mwisho kabisa wa mstari, upande wa kushoto, ukasema, "Simama huku, huku kuna hewa." Nilisimama pale miaka sita. Sikuwahi kukuambia, lakini jambo lile liliniuma. Nilidhani umenificha.

Sasa sikiliza. Siku moja simu yako ililia. Kaka yako hajaizima, anaichaji kila siku, na mimi sijamuuliza kwa nini. Akaitazama, akanipa, akasema, "Ongea wewe, mimi siwezi." Alikuwa mwalimu mmoja wa chuo kule Chimwaga, anamtafuta Bi Matilda wa muheme aje kufundisha wanafunzi, wana sherehe yao. Nilifungua mdomo nimwambie kwamba umefariki. Nikasema, "Tutakuja." Kisha nikaenda jikoni nikalia, halafu nikajikuta nacheka, maana sauti iliyonitoka ilikuwa ile yako ya kuita watu wa ng'ambo ya korongo. Siku ya pili nikampigia mwalimu nikamweleza ukweli. Akanipa pole, akauliza kama bado tutakuja. Nikasema ndiyo.

Mama Neema aliposikia alishika kiuno. "Mashoto afundishe? Watoto wa watu watajifunza mkono gani?" Lakini alikubali kunisindikiza. Alisema anakwenda kulinda jina lako.

Wiki mbili nilifanya mazoezi uani kwa mkono wa kulia, wa kushoto nimeufunga kwa kanga, mbuzi wako wakinitazama. Sikutaka mtu aseme nimeharibu kazi yako.

Siku ya kwanza wanafunzi walikuwa thelathini, wamevaa raba, simu mikononi. "Shikamoo mama, shikamoo mama," ukumbi mzima, nikajiona nimezeeka ghafla. Nikasimama mbele yao, uso kwa uso, nikapiga, nikarusha mkono wa kulia kama inavyotakiwa, nimejivuna kweli. Wote thelathini wakarusha wa kushoto.

Nikarudia, wakarudia. Nikapaza sauti, "Kulia!" Wakatazama mkono wangu, wakachanganyikiwa, huyu huku, yule kule, wakawa wanapigana makofi. Mama Neema alikaa chini kabisa kwenye sakafu, akacheka mpaka machozi. "Wifi yako alituletea shoto mmoja, wewe umezaa thelathini kwa siku moja!"

Nilichoka, wifi. Mkono wa kulia uliniuma, na moyo pia. Nikaona bora nicheze mara moja ninavyojua, kisha nichukue kanga yangu nirudi nyumbani. Nikapiga kwa mkono wangu, nikaurusha juu. Na wote wakarusha wa kulia. Wote! Kwa pamoja! Nilibaki nimeduwaa, mkono uko juu bado. Ilikuwa vile vile kama kwenye mizabibu, wewe upande ule, mimi upande huu. Kumbe mwalimu anayewatazama wanafunzi wake usoni anatakiwa awe shoto, na mimi nimezaliwa hivyo bure.

Mama Neema akaacha kucheka. Akainuka, akakung'uta kitenge, akasema, "Endelea, Mwalimu." Hakusema Mashoto.

Basi nikaendelea kila Jumamosi. Napiga kelele siku hizi, wifi, mimi niliyekuwa naomba chumvi kwa ishara. Wavulana watatu walidai nao wanataka ngoma. Nikawaambia ngoma ya magotini ni ya mama zao, nikawafunga njuga miguuni, waruke. Wanaruka mpaka walinzi wa chuo wanakuja kuchungulia. Na akina mama wako wamerudi mmoja mmoja, kila mmoja akidai amepita tu.

Jambo moja limebaki, ndilo nililokaa kukuandikia. Kuna binti wa Mpwapwa, anaitwa Upendo, mpole, hasemi. Wenzake wanarusha wa kulia, yeye wa kushoto. Jumamosi moja akampiga jirani yake sikioni, ukumbi ukacheka, naye akauficha mkono nyuma ya mgongo. Nikamfuata. Nilikuwa nimekusudia kumwambia ajizoeze wa kulia. Nikamshika bega, na nikajisikia nikisema, "Njoo usimame huku mwishoni, huku kuna hewa."

Wifi, maneno hayo yalikuwa yako. Hukunificha. Miaka sita yote, hata mara moja, hukuniambia nibadilishe mkono. Ulinitafutia mahali pa kuurusha, basi. Nisamehe kwa kuchelewa kuelewa. Na asante, ambayo nilikuwa sijakupa.

Sherehe ilikuwa Ijumaa iliyopita. Tulijipanga, akina mama na wanafunzi pamoja, nami nikaenda mwisho wa mstari kama kawaida yangu. Nikamkuta Upendo amesimama pale. Akanitazama kama mtu aliyekalia kiti cha mgeni, akataka kuondoka. Nikamwambia abaki. Nikawa sina pa kwenda, na wageni wameshakaa.

Mama Neema akaniita kutoka katikati. Pale pako pa kiongozi palikuwa wazi. Walikuwa wamesogea huku na huku, wakaacha pengo la kutosha watu watatu. "Njoo," akasema, "tumekuachia hewa." Kisha akasogea hatua moja zaidi, ameshika kidevu chake.

Nikabana ngoma yako magotini. Mikono yote ilipokwenda kulia, wangu ulikwenda kushoto, na kule mwisho ukainuka mwingine. Hakuna aliyegongwa. Kaka yako alisimama nyuma ya viti akirekodi, kwa simu yako, si yake.

Kwaheri, wifi. Lala salama, usituhofie. Ngoma yako haikai tena juu ya kabati, na naahidi haitarudi huko nikiwa na nguvu ya magoti. Atakayekuja kujifunza nitampokea na mkono aliokuja nao, nami nitatafuta pa kumsimamisha.

Ukiona maneno yamefutikafutika, si machozi. Ni mkono wangu wa kushoto, unapita juu ya wino kabla haujakauka. Haya, na machozi kidogo.

Wifi yako,
Mashoto