KIKAO CHA KUMWANDAA BINTI YETU KWA USAILI WA HOSPITALI

KAMATI YA UKOO YA MASOMO NA AJIRA
Kikao maalumu kilichofanyika Jumamosi, tarehe 14 Juni, sebuleni kwa Mwenyekiti, kuanzia saa tisa alasiri.

WALIOHUDHURIA
Baba Mkubwa, mstaafu wa posta – Mwenyekiti
Mdogo wake marehemu Bibi, mwalimu mstaafu – Katibu
Shangazi, mshonaji – Mjumbe
Mjomba, aitwaye Meneja – Mjumbe
Fundi friji, kaka wa msailiwa – Mjumbe
Msailiwa mwenyewe – Mwalikwa

WASIOHUDHURIA
Mama wa msailiwa – yuko zamu kazini
Baba Mdogo – hakutoa udhuru, kama kawaida

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA KIKAO

Akidi ilitimia Meneja alipofika. Meneja alieleza kwamba alicheleweshwa na foleni ya magari. Shangazi aliuliza foleni hiyo ilikuwa wapi, kwa kuwa Meneja anakaa nyumba ya pili kutoka hapa. Meneja aliomba kikao kifunguliwe.

Mwenyekiti alieleza kwamba binti wa marehemu mdogo wake ameitwa kwenye usaili Jumanne asubuhi, kwa nafasi ya msimamizi wa chumba cha kufulia nguo katika hospitali. Aliwakumbusha wajumbe kwamba msailiwa aliwahi kuwa kiongozi wa zamu katika chumba cha kufulia cha hoteli, akaacha kazi hiyo ili amuuguze Bibi, ambaye ni mama yao Mwenyekiti, Shangazi na Baba Mdogo, hadi Bibi alipofariki mwanzoni mwa mwaka huu. Tangu hapo ametuma maombi mengi ya kazi. Hili ndilo la kwanza kuitikiwa.

KUMB. NA. 2/6: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA

Ni desturi ya ukoo huu kwamba hakuna anayekwenda kwenye usaili kabla majibu yake hayajatungwa na kupigiwa kura na kamati. Fundi friji alitakiwa kutoa taarifa ya usaili wake wa mwaka jana. Alieleza kwamba aliyakariri majibu yote kwa mpangilio uliopitishwa. Kwa bahati mbaya jopo lilianza na swali la mshahara, naye akajibu kwamba yeye ni mtoto wa pili katika familia inayomcha Mungu. Alipoulizwa ni nini kinachomsukuma kufanya kazi hiyo, alitaja mshahara. Jopo lilimpa maji ya kunywa.

Meneja alisema kosa lilikuwa la kumbukumbu ya kijana. Fundi friji alijibu: "Mjomba, majibu nilikuwa nayo yote. Wao ndio waliovuruga maswali."

Iliazimiwa kwamba safari hii majibu yasikaririwe kwa mpangilio. Shangazi alipendekeza yasikaririwe kabisa. Mwenyekiti alisema pendekezo hilo litafikiriwa.

KUMB. NA. 3/6: SWALI LA "HEBU TUELEZE KUHUSU WEWE"

Meneja, ambaye jina hilo alilipata baada ya kukaimu umeneja wa ghala kwa wiki mbili meneja mwenyewe alipougua, alisoma rasimu yake. Ilianza na babu mzaa babu wa msailiwa na mahali alipohamia. Kabla haijafika kwa babu, Shangazi aliomba nafasi. "Shemeji, mtoto ameambiwa ajieleze. Hakuambiwa asome wasifu wa marehemu."

Baada ya majadiliano ilikubaliwa kwamba msailiwa aseme mambo matatu tu: kazi aliyowahi kuifanya, kitu anachokijua vizuri, na sababu ya kuitaka kazi hii katika hospitali hii. Akimaliza anyamaze. Katibu alisisitiza kwamba kunyamaza nako ni sehemu ya jibu, na kwamba mtu asiyejua kuweka nukta huharibu hata sentensi nzuri.

Msailiwa alijaribu. Mwenyekiti alimtaka akae kwenye kiti kizima, si ukingoni kama mgeni anayengoja kufukuzwa. Alirudia, na sauti yake ilisikika hadi jikoni.

KUMB. NA. 4/6: SWALI LA "UDHAIFU WAKO NI UPI?"

Meneja alishauri ajibu kwamba udhaifu wake ni kufanya kazi kupita kiasi. Fundi friji alisema yeye alilitumia jibu hilo, na mjumbe mmoja wa jopo akalimalizia kabla yake.

Hapo Mwenyekiti aliwaalika wajumbe wataje udhaifu wa kweli wa msailiwa ili ule wenye madhara madogo uchaguliwe. Agenda hii ilichukua muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Ilitajwa kwamba hujibu simu kwa kuchelewa. Kwamba hununa bila kusema. Kwamba huwakosoa watu namna wanavyokunja nguo hata akiwa mgeni. Meneja alipotaka kuongeza la nne, msailiwa aliinuka na kusema: "Basi Jumanne nendeni nyinyi. Mimi nitabaki hapa nioshe vikombe."

Mwenyekiti aliomba utulivu. Shangazi alimshika mkono msailiwa, naye msailiwa akaketi tena.

Katibu alieleza kwamba swali hili haliulizi dhambi za mtu. Linauliza kama anajijua, na kama anajirekebisha. Msailiwa alipopewa nafasi ya kusema mwenyewe, alieleza kwamba pale hotelini alikuwa akiona shuka imepigwa pasi vibaya, anairudia mwenyewe kimyakimya badala ya kumwita aliyeipiga. Kwa hiyo wenzake hawakujifunza, na yeye alikuwa wa mwisho kutoka kila siku. Baadaye alijizoeza kumwita mhusika na kupiga naye shuka moja, mwenzake ashike pasi. "Bado mkono unaniwasha," alisema, "lakini nauweka nyuma."

Jibu lilipitishwa bila marekebisho. Ni la kwanza kupitishwa hivyo tangu kamati iundwe.

KUMB. NA. 5/6: SWALI LA "KWA NINI ULIACHA KAZI, NA ULIKUWA WAPI MUDA WOTE HUU?"

Mwenyekiti aliwasilisha jibu alilolitunga mwenyewe, kwamba msailiwa alikuwa akijishughulisha na biashara ndogondogo.

Shangazi aliuliza: "Biashara ya nini, kaka?"

Mwenyekiti alijibu kwamba ni ya nguo.

Msailiwa aliuliza atasema nini wakitaka kujua alikuwa akiuzia wapi. Meneja alijitolea kutaja soko. Fundi friji alisema njia ya mwongo ni fupi, na kwamba jopo lile linakaa mwisho wa njia hiyo likingoja watu.

Mwenyekiti alieleza, kwa sauti ya chini, kwamba si vizuri watu wa nje wasikie kuwa mama yao alilala kitandani, wana wapo, na aliyetolewa kazini ni mjukuu. Shangazi alitaka ikumbukwe ni nani aliyempigia simu binti kule hotelini na kumwambia aache kazi, kazi nyingine ingepatikana. Mwenyekiti hakukanusha. Meneja aliomba hoja hiyo isiandikwe. Ombi lilikataliwa na Katibu.

Msailiwa aliomba Mwenyekiti ahamie upande wa pili wa meza, awe jopo, na amuulize swali hilo kama atakavyoulizwa. Mwenyekiti alihama, akavaa miwani, akauliza. Jibu linanukuliwa lote:

"Niliacha kazi ili nimuuguze bibi yangu. Alikuwa hawezi kugeuka mwenyewe. Pale hotelini nilijifunza kufanya shuka ipendeze. Kwa bibi nilijifunza kwamba kunjo moja la shuka linaweza kumtia mtu kidonda. Sikuwa kazini, lakini sikukaa bure. Nataka kufua shuka za wagonjwa kwa sababu najua nani anazilalia."

Mwenyekiti alifuta miwani yake. Jibu halikupigiwa kura, kwa kuwa hakuna aliyeona haja. Rasimu ya biashara ndogondogo iliondolewa na mwenyewe.

KUMB. NA. 6/6: SWALI AMBALO HALIKUWA KWENYE AGENDA

Mwenyekiti alikuwa bado upande wa jopo. Aliuliza swali ambalo hakuna aliyelitunga: "Na tukikupa kazi hii, kesho mwingine akaugua nyumbani kwenu, utatuacha?"

Fundi friji alisema hilo hakika wataliuliza, na ndilo litakaloamua. Meneja alisema ajibu hapana na yaishe. Msailiwa alitikisa kichwa. "Baba Mkubwa, hilo siwezi kulijibu mimi. Nikisema hapana, halafu simu ikaja, nitafanyaje? Lijibuni nyinyi, ndipo nami nitakuwa na la kusema."

Kisha Shangazi alisema cherehani inaweza kuhamishwa, kitanda cha mgonjwa hakiwezi, hivyo yeye atashona hapohapo alipo mgonjwa. Fundi friji alisema kazi yake ni ya kuitwa, atachukua usiku. Meneja alisema mgongo wake haumruhusu kumwinua mtu; alipangiwa kupika. Alipouliza kama hilo ni azimio au ni mzaha, alijibiwa kwamba ni azimio. Baba Mdogo alipangiwa siku za Jumapili kwa kanuni kwamba asiyekuwepo na lake halipo.

Mwenyekiti aliomba maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema: "Kwa umri, anayefuata kulala ni mimi. Siku hiyo asipigiwe simu huyu. Wapigiwe wanangu. Wakisema wana kazi, waambiwe na yeye anayo."

Iliazimiwa hivyo kwa kauli moja.

Mwenyekiti, akiwa bado upande wa jopo, aliliuliza swali lile kwa mara ya pili. Msailiwa, akiwa amekaa kwenye kiti kizima, alijibu:

"Hapana. Nyumbani kuna watu."

Kikao kilimalizika saa kumi na mbili kasorobo jioni. Vikombe vilioshwa na Meneja.

...........................
MWENYEKITI

...........................
KATIBU