Mtambo wa Mawimbi na Maji ya Kupwa

Mjukuu wangu Saida,

Marahaba, salamu zako zimefika. Sisi wazima, na shangazi yako wa Kerege amejifungua binti salama.

Unauliza kama mtambo wa umeme wa mawimbi mnaoupanga huko kazini kwako utadumu na kurudisha gharama zake, na kama umweleze mkuu wako mashaka yako. Miaka ya sabini nilikuwa karani mpya hapa Bagamoyo, naogopa kufukuzwa kazi. Akaja mhandisi na mpango wa mtambo kama huo. Aliyapima mawimbi maji yakiwa yamejaa, akafurahi. Bosi wangu akataka kukubali papo hapo.

Nikakohoa, nikasema, "Mzee, tungoje maji yapwe."

Bosi akanijibu, "Karani, umeajiriwa kupiga chapa au kuvua pweza?"

Watu wakacheka, lakini mhandisi akakubali kungoja.

Maji yalipokupwa, mahali pa mtambo palikuwa mchanga na miamba mikavu, bila wimbi la kuuendesha, na akina mama wanachokoa pweza miambani. Mhandisi akaenda, nami nyuma yake, kuwauliza wangevulia wapi mtambo ukijengwa. Nikageuka kumtazama bosi, roho juu. Alikuwa amevua viatu, amekunja suruali, anatufuata.

Mweleze mkuu wako. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke.

Bibi yako akupendaye