Filimbi ya Mzee Ogola

Jumatatu, 8 Julai 1957

Nashikilia hili, na nitalitetea mbele ya yeyote: mkimbiaji hachochewi na kelele, huchochewa na kuambiwa kinaganaga alichokifanya vyema. Mzee Ogola, kocha wa timu ya reli ambaye mimi, mwalimu wa shule ya jirani, nimejitolea kumsaidia, ameniita Bwana Digrii. "Makerere walikufundisha kukimbia kwa kalamu?" Timu nzima ikacheka. Nami nilicheka — kidogo. Anasema Kimutai, mmoja wa wakimbiaji wake, ni mvivu, na asiposhinda mbio za maili Jumamosi haendi Nairobi kwenye mashindano makubwa. Nimemwomba aniachie Kimutai hadi siku hiyo. Amekubali.

Jumatano, 10 Julai

Nilimhutubia Kimutai nusu saa kuhusu mapafu, nia, na Wagiriki wa kale. Alisikiliza kwa adabu. Kisha: "Mwalimu, miguu imepoa." Nimeaibika. Nikanyamaza, nikamtazama akikimbia. Kwenye kona ya matangi ya maji hufupisha hatua bila kupunguza mwendo. Nikamwambia hilo tu. Akatabasamu, akairudia kona ile mara tisa bila kuombwa. Mara tisa!

Jumamosi, 13 Julai

Mzunguko wa mwisho, Kimutai mbele kwa hatua kumi. Ogola, kwa furaha, akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote ili amhimize. Kimutai akasimama. Tuli. Kwa miaka minne amekuwa akiunganisha mabehewa ya treni kwenye yadi ya reli. Huko filimbi ya namna ile ina maana moja — simama, usipondwe. Kiplangat, aliyekuwa wa pili, akampita.

"Kona yako, Kimutai!" nikapaza sauti. Akachomoka. Kiplangat alimshinda kwa kifua tu.

Akanijia akicheka, vumbi hadi kwenye kope. "Mwalimu, uliiona kona?" Niliiona. Sijafurahi hivi tangu nilipovaa joho.

Ogola, bila kunitazama: anayesimama njiani hafiki Nairobi. Jina la atakayekwenda atalitangaza Jumatatu.

Jumatatu, 15 Julai

Saa kumi na nusu. Timu imekusanyika nje ya karakana. Kimutai amekuja na blanketi la safari, limekunjwa tayari. Mimi niko ndani; kupitia dirisha namwona Ogola mbele yao. Filimbi ameivua shingoni, anaigeuzageuza mkononi. Hajataja jina. Naandika swali langu lisije likanitoka kwa hasira, kisha natoka.

Mzee wangu, usinivute pembeni. Nijibu mbele ya hawa wote: ulipopuliza, ulimtaka Kimutai afanye nini?