Maziwa ya Dirishani

Jumatatu, 3 Novemba

Nyumba hii ina maziwa ya kila namna, na hakuna hata aina moja inayoitwa kwa jina lake.

Tangu nimwoe fundi cherehani wangu na kuhamia kwake na vitabu vyangu (maboksi bado yamejaa ukumbini, anasema nimeigeuza nyumba bohari), najifunza lugha mpya ukubwani. Maziwa yenye utando mzito juu ni “ya kofia”. Ya boksi, yanayofichwa kabatini, ni “ya wageni” — mgeni wa mwisho simkumbuki. Ya unga ni “ya uvivu”. Yakiganda, hayakuganda: “yamenuna”. Na yaliyotiwa maji nusu kwa nusu ni “ya dirishani”.

Mwenye kamusi ni binti wa mke wangu, aliyezaa na marehemu mume wake wa kwanza. Yuko kidato cha pili. Asubuhi alisimama mbele ya friji akamwambia mama yake kwamba yaliyonuna yameisha, je, achukue ya kofia? Mama akajibu kutoka kwenye cherehani: chukua, ila kofia niachie. Wakacheka.

Mimi sikucheka. Kwetu maziwa yaliitwa maziwa, na siku nyingi hayakuwepo. Nikamweleza binti kwamba lugha ina maneno yake: maziwa mgando, au mtindi, achague. Akasema, “Sawa, Anko.” Hiyo Anko anaitamka kama anamwita mtu wa dukani.

Makala ya wiki hii: kile kiwanda kinachouza maji meupe na kuyaandika “kinywaji chenye ladha ya maziwa”. Nitawachuna ngozi!

Jumatano, 5 Novemba

Nusu ya kwanza ya makala imetoka kama risasi. Kiwanda kimelala chali. Nusu ya pili ilikuwa inapepesuka, mpaka nikasikia jikoni binti akimwambia mama yake kwamba ana kikohozi, atakunywa ya dirishani.

Dirishani! Nimekaa na neno hilo asubuhi nzima. Nani hupewa maziwa dirishani? Si mwenye nyumba. Si mgeni — mgeni ana yake ya boksi. Ni mfua nguo. Ni mzoa taka. Ni kibarua asiyeruhusiwa kuvuka kizingiti. Anachotewa, yanatiwa maji, anapitishiwa dirishani. Jina limebaki, aibu imesahaulika. Nimesoma vitabu vinene vya watu waliochambua jamii nzima kwa kuangalia nani anakaa wapi mezani. Mimi nimeipata kwenye kikombe.

Nilitaka kumuuliza mke wangu lakini cherehani ilikuwa inakwenda kasi, ana sare za shule za kumaliza. Na ya nini kuuliza? Jambo liko wazi kama mchana.

Ijumaa, 7 Novemba

Imetoka. Mhariri amepiga simu, amefurahi mno. Anasema kiwanda wameshapiga kulalamika, na kwamba sehemu ya pili ndiyo iliyomkaa moyoni. Aliisoma kwa sauti: “Hata katika nyumba ya watu wema ninayoijua, maziwa yaliyochakachuliwa kwa maji huitwa ya dirishani. Jina linatangaza dharau bila kupepesa macho.” Nikamwambia ndiyo, hata mimi nimeipenda.

Mke wangu husoma gazeti la Ijumaa siku akipata nafasi. Wiki hii nafasi hana.

Jumapili, 9 Novemba

Ushindi! Mezani binti kasema, “Mama, maziwa mgando yameisha.” Neno kwa neno. Nikamsifu. Akainamisha kichwa, akanywa chai ya rangi. Mama yake alimtazama muda mrefu. Mimi nilidhani ni mitihani.

Mchana shangazi yake amepiga simu, dada wa marehemu. Anakuja Jumamosi. Makubaliano yalikuwepo kabla sijaja: shule ikifungwa, binti atasema mwenyewe kama anabaki hapa au anakwenda kuishi na shangazi na kusomea huko. Shangazi ana nyumba kubwa, hana mtoto, na shule nzuri iko ng’ambo ya barabara. Hoja zake ni nzuri. Nimezitafuta kasoro sikuziona.

Nilisema mezani kwamba mimi sina neno, uamuzi ni wake. Humu daftarini hakuna wa kubishana naye, kwa hiyo naandika kweli: sitaki aende. Akipita ukumbini huchomoa kitabu kwenye boksi moja, akakisoma siku mbili, akakirudisha boksi jingine. Amenivurugia maktaba yote. Nimemzoea.

Jumatatu, 10 Novemba

Nilirudi nikakuta cherehani imenyamaza. Katika nyumba hii hiyo peke yake ni taarifa. Mke wangu amekaa, gazeti juu ya sketi ya shule ambayo haijapindwa. Akaniuliza kwa sauti ya chini hiyo nyumba ya watu wema ni ipi.

Nikaanza kueleza. Ni mfano tu, sikutaja mtu, msomaji hawezi kujua. Akaniacha nimalize. Kisha akanyoosha kidole kwenye dirisha la sebule.

Kitanda kilikuwa pale, akasema. Mume wake alikuwa fundi umeme, na alipougua aliomba alazwe hapo aone mtaa na nyaya alizofunga kwa mikono yake. Mwishoni tumbo lilikataa kila kitu isipokuwa maziwa yaliyotiwa maji nusu kwa nusu. Binti alikuwa mdogo, lakini kazi ile hakumwachia mtu. Akitoka shule anatupa begi, anachanganya, anapuliza, anapeleka dirishani. Baba akazikwa, jina likabaki. Siku hizi hunywa hivyo mwenyewe akiugua, au akiwa na lake moyoni.

Nikakaa juu ya boksi la vitabu. Mimi, ninayejibu barua za matusi kabla chai haijapoa! Mwisho nikauliza kama binti ameisoma.

“Tangu lini yule akasema maziwa mgando?” akaniuliza.

Akarudi kwenye sketi. Cherehani haikuwashwa. Aliipinda kwa mkono.

Jumanne, 11 Novemba

Nimeandika masahihisho. Kurasa mbili. Ni mazuri: yana hoja, yana huruma, yana hata mzaha mwanzoni. Nikampelekea mke wangu. Alisoma mstari wa kwanza, akanirudishia.

“Usimwandike tena.”

Basi. Nimebaki na kurasa mbili na mdomo. Kalamu ikikatazwa, sijui mtu huanzia wapi.

Mhariri naye hana simile, anataka sehemu ya tatu. Wasomaji wanamtumia majina ya kwao. Kuna nyumba ambayo maziwa ya boksi wanayaita “ya bima”, kuna nyingine ya unga ni “ya vumbi”. Tupe jikoni zaidi, anasema, jikoni inauza. Nikamwambia jikoni imefungwa, wiki hii naandika maegesho ya magari. Akacheka, akadhani nimetishwa na wanasheria wa kiwanda. Nikamwacha adhani hivyo. Tangu nianze kuandika sijawahi kumwacha mtu adhani hivyo.

Alhamisi, 13 Novemba

Shule zimefungwa. Nilimkuta binti chumbani kwake, mlango wazi, anakunja nguo. Nilikuwa nimejiandaa kama ninavyojiandaa kwa mjadala wa redioni: hoja ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikasimama mlangoni nikaanza na nia yangu. Nilikuwa nawatetea wanyonge, nikasema. Akaendelea kukunja. Nguo zilikuwa zinaingia kwenye begi kubwa, si lile la shule. Nilipofika hoja ya pili akageuka.

“Anko, ungeniuliza tu.”

Hakupandisha sauti. Hoja zilizobaki zikaniyeyukia mdomoni. Nikamwambia ni kweli. Nikamwambia anisamehe, na nikamuuliza sasa, kwa kuchelewa, kama atapenda kunieleza.

Alikunja gauni moja, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha akasema mwalimu wao wa Kiswahili aliisoma makala darasani Ijumaa ileile, iwe mfano wa insha yenye makali. Darasa likapiga makofi. Na yeye akapiga, maana asipopiga wangemuuliza ana nini.

Hilo la makofi nimelimeza kama jiwe.

Halafu akanieleza. Sukari ilikuwa ya kudonoa tu kwa ncha ya kijiko. Kikombe kilipaswa kuwa chepesi kwa sababu mikono ilikuwa imechoka. Baba yake akimaliza alikuwa anasema, “Umeme umerudi,” na akishindwa kumaliza alisema mgao bado. Akacheka kidogo alipofika hapo. Mengine aliyosema sitayaandika hata humu. Si yangu.

Kuhusu begi sikuuliza. Niliogopa. Niite hivyo, hakuna neno jingine.

Jumamosi, 15 Novemba

Naandika jikoni, daftari liko karibu na jiko.

Shangazi amefika asubuhi, mhasibu mrefu mwenye mkoba mzito na adabu nyingi. Alimkumbatia mke wangu, wifi wifi, wakafutana machozi. Mimi akaniita Mwandishi. Akanipongeza kwa makala ya maziwa! Anasema ofisini kwake wameibandika ukutani. Lile la dirishani liliwachoma, maana wote wana watu wanaowahudumia mlangoni. Nilimtazama usoni nikitafuta kijembe. Hakipo. Jina lile halijui. Alikuwa akija kumwona kaka yake siku za Jumapili, na binti hakuwahi kumwambia. Binti alikuwa amesimama pale pale. Hakunitazama, hakumsahihisha shangazi.

Wameingia sebuleni watatu. Mke wangu alinigusa mkono: hili tuachie. Nikaja huku.

Muuza maziwa akabisha mlango wa nyuma. Shule zimefungwa, akasema, watu wanasafiri, kila nyumba inabadilisha, kwa hiyo sisi kuanzia leo tunachukua kiasi gani? Swali jepesi. Nikamwambia angoje. Nilikuwa bado namwambia angoje binti alipoingia kuchukua vikombe.

Akamsalimia. Akaniuliza anataka nini. Nikamweleza.

“Na wewe umemwambia ngapi?”

“Sijasema.”

Hakuondoka. Alisimama na vikombe vitatu vikining’inia vidoleni, anangoja, macho kwenye sufuria tupu mkononi mwangu. Huwa tunachukua lita mbili. Wawili hawazimalizi.

“Mbili,” nikamwambia muuza maziwa. “Kila siku, kama kawaida.”

Akapima, akimimina taratibu. Akasema mzee leo umekuwa bahili wa maneno, unaumwa? Binti karibu acheke. Akaniambia nimpe sufuria, akaibandika kwenye jiko, akawasha, akapunguza moto kidogo.

“Usiyaache, Anko. Yakimwagika, mama atakula kichwa chako.”

Akachukua vikombe akaenda. Mlango wa sebule umefungwa nyuma yake.

Begi kubwa liko ukumbini, kati ya maboksi yangu. Zipu imefungwa. Juu yake kuna kitabu changu kimoja, na sijui kama anakwenda nacho au amekitoa ili kibaki.

Naisikia sauti ya shangazi, ndefu, iliyopangwa vizuri. Sasa mke wangu, maneno machache. Sasa kimya. Hapo ndipo anapotakiwa kusema yeye.

Nikisogea hadi ukumbini nitamsikia. Maziwa yameanza kutetemeka pembeni mwa sufuria. Yanapanda. Sisogei.