Pikipiki ya theluji ya bosi imegoma Riyadh, na Rosebellah amepelekwa Jeddah

Mama Rael mpendwa,

Kabla sijaomba msaada wako, ujue kwanza unaandikiwa na nani. Mimi ndiye fundi bora kuliko wote waliowahi kutoka Bungoma kuja Arabuni, na sijigambi, pita stendi yoyote ya boda kuanzia Kanduyi hadi Chwele uulize ni nani aliyefunga injini nzima macho yakiwa yamefungwa kwa skafu, kwa ajili ya ubishi tu, na ikawaka kwa kiki ya kwanza. Shule niliiacha darasa la saba, au yenyewe iliniacha, hilo tusilijadili. Jina langu ni Barasa, liandike lote gazetini, sina mtu wa kumwogopa, hao wanaojiita "Aliyechoka, Nairobi" ni waoga.

Hapa Riyadh ikama yangu, kile kibali cha kukaa, imeandikwa dereva wa nyumbani, lakini kila chenye injini katika ua huu kinanijua mkono. Sasa bosi, sisi humwita Baba, amenunua pikipiki ya theluji, na umesoma sawasawa, Mama, theluji, ni kama skuta iliyokalia mkanda wa trekta na mbele ina mbao mbili za kutelezea, kuukuu, ina umri kunizidi mimi, kwa sababu kule kaskazini kwenye milima ya Tabuk theluji huanguka siku mbili tatu kila baridi na watu wenye nafasi hukimbia na magari kwenda kuipiga picha, na Baba amewaahidi mashemeji zake kwamba mwaka huu yeye hapigi picha, yeye ataendesha.

Ilikuwa ikinguruma tu. Ukiongeza mafuta inazidisha kelele lakini mwendo ni uleule wa mgonjwa, halafu harufu ya mpira unaoungua. Nikamwambia Baba ni klachi. Akaniuliza, "Wewe umewahi kuona mashine ya hivi?" Nikamjibu, "Baba, klachi ni klachi." Akasema yalla, itengeneze.

Nikafungua bolti nne za kifuniko cha ubavuni, na ndani nikakuta puli mbili, moja kwenye injini na nyingine nyuma yake, na mkanda mpana umezizunguka. Nikazihudumia kwa akili yangu nikafunga. Nilivyozihudumia nitakwambia mbele, usinikimbize.

Kesho yake Baba akapanda mbele ya mashemeji. Haikumaliza hatua kumi, moshi mweupe, mkanda ukakatika vipande, na mashemeji wakatoa simu wakapiga picha hapohapo bila kufika Tabuk. Kifuniko kilipofunguliwa kikaanguka kitambaa cha jikoni cha mirabamiraba ya manjano, kimelowa grisi. Madam akakitambua.

Kitambaa ni cha Rosebellah. Rosebellah ndiye anayefanya kazi ndani ya nyumba, anatoka Malava, amenizidi miaka sita na namwita dada ingawa hatuna undugu, ni yeye aliyekuwa akinipitishia chapati dirishani, na ni yeye aliyekuwa akinisomea ukurasa wako kila Jumamosi kwenye simu yake kwa sababu herufi ndogo zinaniudhi. Madam alisema basi Rosebellah alikuwa akiipangusa mashine akaimwagia mafuta, si kitu, amwombe Baba msamaha, halas, yaishe.

Rosebellah akasema, "Madam, kitambaa ni changu. Mashine sikuigusa."

"Neno moja tu, Rosebellah. Sema samahani."

"Hata nusu ya neno, madam. Siwezi kuomba msamaha kwa niaba ya mkono ambao si wangu."

Siku ya tatu akapelekwa Jeddah, mtaa wa Aziziya, kwa mama yake madam, bibi ambaye wasichana watatu wamemkimbia mwaka huu peke yake. Analala chumba cha kupigia pasi, na simu anapewa Ijumaa na Jumamosi tu. Na likizo yake ya Machi, aliyoingoja miaka miwili aende akamwone mtoto wake Lydia, ambaye alimwacha hajaanza kutembea, imefutwa mpaka aombe huo msamaha. Haombi. Ninamjua, hataomba hata Lydia aolewe.

Ijumaa alinipigia. Nikamtania, "Dada wa Jeddah, wanasema huko kuna upepo mzuri."

"Chumba cha pasi hakina upepo. Barasa, nikuulize. Kile kifuniko kina bolti nne. Mimi nina mwiko, sina spana. Kitambaa changu kiliingiaje mle?"

"Network inakatika, dada."

"Network yako inakatikia mdomoni."

Akakata yeye.

Sasa mpango wangu ni huu, na ni mpango wa mtu mwenye akili. Niifufue hii mashine kabla ya theluji, Baba aende akawike Tabuk, arudi na furaha, aniambie Barasa omba chochote, nami nimwombe Rosebellah arudishwe Riyadh na apewe likizo yake, kila mtu anacheka, hakuna aliyeumia. Kwa hiyo nataka unisaidie klachi. Klachi tu. Habari za kwenda kupiga magoti kwa watu usiniandikie, za hivyo nilizisikia kanisani zikanipita.

Ila najua utauliza nilizihudumiaje. Sawa. Nilipaka grisi. Klachi ya boda inaogelea kwenye oili, hata mtoto anajua, nikaona hizi puli zimekauka nikazihurumia, nikazijaza grisi zote mbili ndani na nje mpaka zikang'aa, nikajifuta mikono kwa kitambaa nilichokichomoa dirishani kwa Rosebellah, nikakisahau mle ndani. Hilo halininyimi usingizi, fundi yeyote hukosea, hata wewe. Lakini Rosebellah aliposema hakuigusa, madam na Baba na mashemeji wote walinigeukia mimi, kwa sababu fundi ni mimi, na Baba akaniuliza, "Barasa, ni yeye?" Sikusema ni yeye. Naapa sikusema. Niliinua mabega tu.

Barasa,
Riyadh

MAMA RAEL ANAJIBU

Barasa,

Tuanze na klachi, kwa kuwa ndiyo rahisi.

Nimesaga mahindi Kitale miaka kumi na tisa, na kinu cha posho ni puli mbili na mkanda, kama huo mzigo wa bosi wako. Mkanda hufanya kazi kwa kung'ang'ania puli. Ukiipaka mafuta, injini inalia na unga haushuki. Klachi ya boda ni ya oili, hii ni kavu. Ungeniletea hiyo "klachi ni klachi" yako kinuni ningekutoa na ufagio. Hata hivyo sikutaka kukujibu kwa kubahatisha kama unavyotengeneza wewe, nikampigia mpwa wangu Protus aliye Kanada, ambaye kazi yake ni hizo pikipiki. Alicheka mpaka nikakata simu. Alipotulia akanipigia yeye, akasema hivi.

Zima injini, toa ufunguo. Mkanda ulioshika grisi hauoshwi, unatupwa. Zioshe nyuso za puli kwa dawa ya kusafishia breki au spiriti, petroli usitumie kwa sababu huacha mafuta yake, kisha sugua taratibu kwa ile skrabu ya kijani ya kuoshea sufuria. Futa kwa kitambaa cheupe, na usimalize mpaka kitambaa kitoke cheupe. Cheupe, na kiwe chako.

Kabla hujaja na mkebe wako wa grisi, ugonjwa wenyewe ulikuwa mkanda uliochakaa, umepungua upana na uso umekuwa laini kama kioo, ndiyo maana kelele nyingi na mwendo hakuna. Nunua mpya kwa namba iliyoandikwa mgongoni mwa ule wa zamani, usipime kwa macho. Puli ya nyuma ifungue na kuifunga kwa mkono, ikikwama ina uchafu au imelika ndani. Ya mbele ina springi yenye nguvu na vizito vinavyofunguka injini ikizunguka, na kama huna kifaa chake cha kuitolea usiichokoe, mtafute mwenye nacho. Weka rula ndefu ubavuni mwa puli zote mbili uone kama zimelingana. Mkanda mpya ukae sawa na ukingo wa puli ya nyuma. Ukizama, mashine itaondoka kwa uvivu. Ukibana mno, itataka kutembea yenyewe ukiwa umesimama. Funga kifuniko, inua nyuma juu ya stendi imara, mtu asisimame nyuma yake, ndipo uwashe. Mwanzoni iendeshe polepole mkanda uzoee. Ni kazi ya alasiri moja.

Na mashine itapona, Barasa, ila Rosebellah atabaki palepale. Bosi wako ataendesha kwenye theluji yake akijua kwamba mfanyakazi wake wa jikoni ni mharibifu na tena ni mkaidi. Unataka umwombee arudishwe kama zawadi. Zawadi ya kosa gani? Yeye amelala chumba cha pasi na kumkosa mtoto wake kwa sababu hataki kusema uongo wa neno moja, na wewe wako ulikuwa wa mabega mawili.

Nakuonea huruma, kidogo. Uko nchi ya watu, ukaulizwa mbele ya watu, ukaogopa kurudishwa nyumbani. Uoga huo ninauelewa. Lakini uliniandikia kwamba huna mtu wa kumwogopa, nami nimekusadiki, kwa hiyo fanya hivi. Asubuhi, kabla hujashika spana, mwendee Baba na madam wakiwa pamoja. Sema: grisi ni yangu, kitambaa nilikichukua mimi, Rosebellah alisema kweli. Usiongeze utani. Mwambie Baba ampigie mama mkwe Jeddah wewe ukiwa umesimama pale, aseme likizo ya Machi ipo. Ukifukuzwa, umefukuzwa, na mikono yako utarudi nayo. Kisha Ijumaa Rosebellah akipewa simu, mpigie wewe, na network isikatike.

Barua yako ilinifikia Jumatatu. Jibu hili nimekutumia kwa simu leo Jumanne, lote, ulisome mwenyewe hata kama herufi zinakuudhi. Gazeti linatoka Jumamosi, siku ambayo Rosebellah ana simu, na wewe mwenyewe umesema ndiye aliyekuwa akikusomea ukurasa huu kila Jumamosi.

Jina lako nimeliandika lote, kama ulivyotaka.