Ruta, Radi na Harusi ya Limi

Jumatatu, 8 Desemba 2025

Ruta ya intaneti imefika! Nimeipakata mwenyewe kwenye bajaji kutoka dukani kwa Irfan. Nimeiweka ndani ya kabati la vioo, katikati ya vikombe vya wageni, na juu yake kitambaa cheupe nilichofuma likizo iliyopita. Imependeza! Nimerudi kuitazama mara mbili.

Mama amenitazama tu. Mama mkwe wangu huyu yuko hapa Ibadakuli tangu mwezi jana, alikuja kufanyiwa upasuaji wa macho. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Sasa anaona kila kitu – buibui wa darini, mvi zangu, sufuria ambayo sikuisugua vizuri. Mkwe mwenye macho mapya, jamani! Jumapili mume wangu Amosi anakuja kutoka Rwamgasa kumrudisha Kishapu.

Kabla hajaondoka lazima aione harusi ya Limi. Ruta nimeinunua kwa ajili hiyo, sina sababu nyingine. Oktoba Limi, binti yake wa mwisho, aliolewa kule Geita. Mama alikaa mbele kabisa, akapiga vigelegele kuwashinda wote, lakini alichokiona ni ukungu. Alikuwa ananinong'oneza: gauni lina mikono? Anacheka au analia? Nikawa namsimulia. Roho iliniuma sana siku ile.

Flashi ya Limi yenye video ya harusi ilifuliwa ndani ya suruali ya mumewe. Ikafa. Donatus, mpiga video, yuko kwao Kigoma mpaka Januari, ila video ameipandisha mtandaoni akanitumia linki. Inafungwa Jumamosi saa kumi jioni. Video ni kubwa mno, na haifunguki mpaka ishuke yote. Mama hajui kitu. Nataka nimkalishe tu kwenye kochi, niwashe.

Jumanne, 9 Desemba

Kwa mwendo huu itamaliza kushuka Pasaka.

Nimempigia Irfan. Akauliza ruta nimeiweka wapi. Nikamweleza kwa maringo yote, na kitambaa nikakitaja. Akacheka mpaka akakohoa. Eti dada Aneth, hiyo siyo chupa ya maua! Niitoe kabatini, niivue kitambaa, niiweke dirishani upande wa mnara wa simu, na kompyuta niiunge kwa waya badala ya kutegemea waifai. Kumbe tena kompyuta yenyewe ilikuwa inajipakulia mambo yake kimyakimya, inanilia mtandao. Nimeizuia.

Nimenuna kidogo kuhusu kitambaa. Lakini mwendo – maajabu! Namba zinakimbia. Nimecheza peke yangu jikoni.

Jumatano, 10 Desemba

Nimeiacha ikiwa nusu, nikaenda sokoni. Mvua ikanikuta huko na ngurumo juu. Narudi – sifuri. Imeanza upya!!

Irfan ameniuzia takataka.

Alhamisi, 11 Desemba

Tena! Nilikuwa mazoezi ya kwaya. Mvua, radi, narudi, sifuri.

Nimeibeba ruta mpaka dukani na nimesema maneno makali mbele za wateja. Irfan akaichomeka pale kaunta, ikafanya kazi vizuri kabisa. Kisha akauliza kwa upole: nyumbani unamwacha nani? Nikamwambia ni mama mkwe tu, mtu mzima, hata simu hagusi. Akaniwekea kwenye kompyuta programu ya kupakua ambayo ikikatika inaendelea ilipoishia. Nimeomba radhi, ila kwa sauti ndogo.

Ijumaa, 12 Desemba

Nimemkamata!

Mchana wingu limesimama jeusi. Nikaaga kwamba naenda kwa jirani, nikazunguka nikachungulia dirishani. Mama akanyanyuka. Akafunika kioo cha ukutani kwa khanga. Akachomoa TV. Akaja kwenye ruta, akaichomoa, na akaifunika – kwa kitambaa changu kilekile!

Nikaingia kwa kishindo. Mama, unafanya nini? Hata hakushtuka.

– Kinakonyeza, Mama Noela. Taa za kijani, hivi, hivi. Kinaita radi hiki.

Akanikumbusha kuwa kwao Kishapu radi iliua ng'ombe wawili kwa mpigo, na redio ya jirani ikaungua juu ya meza. Kumbe siku zile mbili mvua ilipopita alivichomeka tena vyote kabla sijarudi. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Mwezi jana asingeziona hizo taa! Nikageuka ukutani nicheke.

Amosi naye kacheka kwenye simu. Kasema mama yake alishawahi kuwazimia redio wakati wa penati. Mwambie tu ukweli, anasema. Sitaki. Nataka nione uso wake video ikianza.

Programu ya Irfan safi sana. Imeendelea ilipoishia. Kesho asubuhi nampigia kumshukuru kwa sauti kubwa.

Jumamosi, 13 Desemba

Umeme ulikatika tangu alfajiri. Umerudi saa saba mchana. Nilikuwa nimeanza kulia.

Saa tisa. Asilimia themanini na nane. Na wingu hilo hapo! Mama ameshika khanga anakuja. Nikasimama mbele ya soketi nimetanua mikono. Nikamwambia yote: Limi, Donatus, saa kumi.

Akasimama.

– Limi? Yumo humu?

Yumo, Mama. Anakuja kidogo kidogo.

Akanipita. Akafunika kioo, akachomoa TV, akafunika hata sinia jipya. Ruta hakuigusa. Akaingia chumbani, nikadhani amejificha. Ametoka amevaa kile kitenge cha sare ya harusi, na kilemba.

Radi imepiga upande wa uwanja wa ndege, vioo vya kabati vikalia. Mimi ndiye niliyeruka kwenda kuchomoa! Mama akanidaka mkono.

– Acha, ng'wanone, mwanangu. Tulia.

Saa kumi kasoro dakika kumi. Tisini na sita. Naandika huku namba naitupia jicho. Mama amevuta kiti mbali na ukuta, habandui macho kwenye taa za kijani. Kila ngurumo anafumba, anafumbua haraka. Ameniuliza tena, kama mtu anayesubiri basi la wageni:

– Wamefika wapi?

Tisini na saba, Mama.